Programu Ipange, Katibu Ahakiki: Maswali na Majibu kuhusu Muhtasari wa Kikao na Akili Mnemba

Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, makatibu wengi wa vikundi, shule, misikiti, makanisa na kamati wameanza kuitumia, pamoja na wenzake Gemini, Copilot na Claude, ili kupunguza mzigo wa kuandika muhtasari. Ni jambo jema. Mihtasari huchelewa kwa sababu katibu huiandika usiku, baada ya shughuli zake zote, kutoka kwenye kurasa zilizojaa vifupisho ambavyo mwenyewe ameanza kuvisahau.

Haya ni baadhi ya maswali ambayo makatibu huniuliza. Majibu yangu yote yana msimamo mmoja: programu inajua kupanga maneno, lakini haikuwepo kikaoni. Kusema nini kiliamuliwa ni kazi ya aliyekuwepo.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikoba cha watu thelathini, Morogoro. Naandika kwa mkono kwenye daftari. Programu hizi za bure zinanifaa, au ni za wenye kompyuta?

Marahaba. Simu janja inatosha, na daftari lako usiliache. Una njia tatu za kuyaingiza maandishi yako kwenye simu.

Ya kwanza ni kuyachapa. Ya pili ni kuyasoma kwa sauti. Google iliongeza Kiswahili kwenye uchapaji wa sauti mwezi Agosti 2017, kwa hiyo kwenye simu nyingi za Android unabonyeza alama ya kipaza sauti kwenye kibodi, unasoma ukurasa wako taratibu, na maneno yanajiandika. Ya tatu ni kuupiga picha ukurasa na kuiomba programu iusome. Njia hii ni ya haraka, ila mwandiko wa kukimbizana na wasemaji huisumbua programu, hasa kwenye tarakimu. Ukiitumia, linganisha kila kiasi cha fedha na daftari kabla ya kuendelea.

Mimi hupendekeza ya pili. Unaposoma kwa sauti unakumbuka kilichosemwa na unakamilisha vifupisho vyako, na huo tayari ni uhakiki wa kwanza.

Nikibandika maelezo yangu napata muhtasari mzuri lakini mtupu: "wajumbe walijadiliana kwa kina na kukubaliana kushirikiana." Nimekosea wapi?

Hujakosea, ila hujaieleza unataka nini. Ukisema tu "nifupishie", itafupisha kama inavyofupisha makala ya gazeti. Muhtasari wa kikao una sura yake, na wewe ndiye unayeijua. Jaribu maelekezo kama haya, kisha yahifadhi uyatumie kila mara:

"Andaa muhtasari wa kikao kutokana na maelezo haya peke yake. Usiongeze jambo lisiloandikwa. Fuata vichwa hivi: mahudhurio, kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda moja moja, mengineyo, kufunga kikao. Mwishoni weka jedwali la maazimio lenye safu tatu: azimio, mhusika, tarehe ya mwisho. Pasipotajwa mhusika au tarehe, andika HAIKUTAJWA. Jambo lililojadiliwa bila kuamuliwa liandike hivyo hivyo. Saa zote ni za Kiswahili, usizibadilishe."

Neno lenye thamani kubwa kuliko yote hapo ni HAIKUTAJWA. Bila hilo, programu itaandika "kamati itashughulikia", na mwezi ujao mtaulizana kamati ipi. Ukiliona limejirudia mara tano kwenye jedwali, umepata orodha ya watu wa kuwapigia simu kesho asubuhi.

Nikishapata muhtasari, nitajuaje kama kuna kosa? Unasomeka vizuri kuliko ninavyoandika mimi.

Hapo ndipo penye hatari. Maandishi yaliyonyooka humfanya msomaji ayaamini. Chukua ukurasa huu wa mfano, wa kikoba kama vingi tulivyonavyo:

"Kikao J'mosi saa 9. Waliofika 24/30, udhuru 4. Mjumbe A, mkopo laki 3 na nusu, anaomba aongezewe mwezi. Wengi wanaona sawa ila mweka hazina anasema katiba hairuhusu. Tuone kikao kijacho. Mfuko wa jamii: msiba, 5,000 kila mmoja, mwisho Ijumaa. Kikao kijacho baada ya wiki 2, saa 8."

Programu inaweza kukurudishia ukurasa msafi wenye makosa manne. La kwanza ni la saa. Kikao cha alasiri kinageuka kuwa cha "saa 9:00 asubuhi", kwa sababu sehemu kubwa ya maandishi iliyojifunzia huhesabu saa kwa Kiingereza. La pili ni la fedha. "Laki 3 na nusu" ni shilingi 350,000, lakini usishangae kukuta 300,000. La tatu ni la mahudhurio. Ukitoa 24 na wanne wenye udhuru, wanabaki wawili ambao hawakufika wala kutoa taarifa, na hao ndio wanaodaiwa faini. Programu ikiandika "wajumbe sita hawakuhudhuria kwa udhuru", imewasamehe watu wawili ambao kikao hakikuwasamehe.

La nne ndilo zito. Kutokana na maneno "wengi wanaona sawa", unaweza kukuta sentensi hii: "Kikao kiliridhia Mjumbe A aongezewe mwezi mmoja." Kikao hakikuridhia. Kiliahirisha. Mjumbe A akiusoma muhtasari huo ana haki ya kukaa na fedha ya kikundi mwezi mzima, na mweka hazina aliyesimama na katiba ataonekana amepuuzwa.

Kwa hiyo usiupitie muhtasari kwa kuangalia ufasaha. Hakiki vitu vitano tu, kalamu mkononi na daftari pembeni: majina, fedha, tarehe na saa, mahudhurio, na vitenzi vya uamuzi. Kila penye "aliazimia", "aliridhia", "alikubali" na "alipitisha", rudi kwenye daftari uone kama kweli kikao kilifika huko.

Kwa nini programu ibuni jambo wakati nimeipa maelezo yote?

Kwa sababu inafanya kazi kwa kukadiria neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata, kutokana na maandishi mengi mno iliyojifunzia. Mihtasari mingi duniani huisha kwa "mwenyekiti aliwashukuru wajumbe na kufunga kikao". Hivyo itakuandikia mwenyekiti alishukuru hata kama aliondoka mapema na makamu ndiye aliyefunga. Kadiri maelezo yako yanavyokuwa na mapengo, ndivyo inavyoyajaza kwa mazoea ya vikao vya watu wengine.

Si ingekuwa rahisi kurekodi kikao kizima na kuiachia programu kila kitu?

Kwa Kiingereza, ndani ya chumba kimya, ndiyo. Kwa vikao vyetu, bado. Whisper, programu ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ilitolewa bure Septemba 2022 ikiwa imefunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Katika hizo, lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana takriban saa 117,000, na fungu la Kiswahili lilikuwa dogo mno. Ongeza watu watatu wanaosema kwa pamoja, mvua juu ya bati, na mzee anayechanganya Kiswahili na Kichaga katika sentensi moja. Utakachopata kitakuchosha kukisahihisha kuliko kuandika mwenyewe.

Kuna na bando. Sauti ya saa moja inaweza kufika makumi ya megabaiti, ilhali kurasa nne za maandishi ni kilobaiti chache. Tena huduma za bure zina mipaka yake, na mipaka hiyo hubadilika.

Ukitaka kurekodi, rekodi kwa ajili ya kujikumbusha pale usipoelewana na daftari lako. Na usirekodi kwa siri. Mwenyekiti awaulize wajumbe mwanzoni, na ridhaa yao iandikwe kwenye muhtasari.

Mimi ni mwalimu na katibu wa kamati ya shule, Tanga. Tunazungumzia nidhamu ya wanafunzi na madeni ya wazazi. Je, ni sawa kubandika mambo hayo kwenye programu ya bure?

Mwalimu mwenzangu, si sawa kuyabandika yalivyo. Ukibandika maelezo umeyatuma kwenye mitambo ya kampuni, mara nyingi nje ya nchi. Google yenyewe inawaonya watumiaji wa Gemini wasiweke siri ambazo wasingependa mkaguzi wake azione. Programu nyingine hutumia mazungumzo ya watumiaji wa bure kuifunza programu, isipokuwa ukizuia jambo hilo kwenye mipangilio. Fungua mipangilio uzuie, lakini usidhani umemaliza.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya inayo yake tangu 2019. Sheria ya Tanzania inaziweka taarifa za watoto na za miamala ya fedha ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Kamati yako inashika zote mbili.

Njia salama ni kuondoa majina kabla ya kubandika. Mwanafunzi awe "Mwanafunzi 1", mzazi awe "Mzazi B", na ufunguo wa majina ubaki kwenye daftari lako. Muhtasari ukirudi, unarudisha majina kwa mkono wako. Na yako mambo ambayo hata hivyo yasibandikwe: ugonjwa wa mtu, tuhuma dhidi ya mtoto, kesi iliyoko polisi. Hayo yaandike mwenyewe, kwani hata shule ikiwa na darasa la watoto sitini, "Mwanafunzi 1" aliyevunja dirisha la maabara anajulikana na kila mtu.

Kamati yetu ya harusi hapa Dar es Salaam hufanya mambo yote WhatsApp. Jumbe ni mamia kwa siku. Naomba msaada, kaka.

WhatsApp ina sehemu ya kutoa gumzo lote kama faili la maandishi, bila picha wala sauti. Itoe, futa namba za simu na maongezi ya pembeni, kisha ibandike kwa vipande, siku mbili tatu kwa mkupuo. Agiza orodha tatu tofauti: yaliyoamuliwa na nani kaamua, yanayosubiri jibu, na ahadi za michango.

Kwenye michango sisitiza jambo moja, kwamba "ahadi" na "imelipwa" ziwe safu mbili. Mtu aliyeandika "niwekeeni laki moja" bado hajatoa. Kisha jumla usiiachie programu ya mazungumzo, kwa sababu inaweza kukosea hesabu huku ikijibu kwa uhakika. Jumlisha kwa kikokotoo au Excel, ulinganishe na ujumbe wa miamala wa mweka hazina.

Tuna mihtasari ya miaka mitatu. Mtu akiuliza "lini tulipandisha bei ya hisa?", tunapekua nusu siku.

Anza na majina ya mafaili. Tanguliza mwaka, mwezi na siku, mfano "2025-03-15 Kikao cha kawaida", na yatajipanga yenyewe kwa mfuatano. Baada ya hapo, NotebookLM ya Google inafaa sana. Toleo lake la bure hupokea hadi vyanzo 50 katika kila daftari, hujibu kutokana na ulichoweka, na kila jibu huja na alama inayokupeleka kwenye mstari lilipotoka.

Alama hiyo ndiyo sababu ya kuipendekeza. Ukiuliza lini hisa ilipanda, usinukuu jibu lake mbele ya wanachama. Bonyeza alama, fungua muhtasari wenyewe, soma azimio lenyewe. Na tahadhari ya majina ya watu inabaki ile ile.

Mwenyekiti wetu anasema muhtasari uliotengenezwa na programu si halali. Yuko sahihi?

Nikutetee wewe kidogo, na yeye pia. Kinachoufanya muhtasari uwe wa kikao ni wajumbe kuuthibitisha katika kikao kinachofuata, na mwenyekiti na katibu kuweka saini. Kalamu, taipu au simu, chombo si hoja. Lakini hofu yake ina msingi, kwa sababu muhtasari ni ushahidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mgogoro ukizuka miaka kumi baadaye, kinachotafutwa ni muhtasari wa mkutano ule. Neno "walijadili" likigeuka "waliridhia", shamba la mtu linaweza kwenda.

Mweleze mwenyekiti kwamba daftari la mkono litatunzwa pamoja na muhtasari uliochapwa. Halafu mwombe akupe dakika tano kabla ya kufunga kila kikao. Katika dakika hizo simama usome kutoka daftarini, kwa sauti, kila azimio, mhusika wake na tarehe yake. Anayepinga apinge hapo hapo, wenzake wakisikia. Ukitoka hapo, programu yoyote unayoitumia usiku itakuwa inapanga maneno ambayo kikao chenyewe kimeyasikia na kuyakubali, na ikiongeza lake utalijua mara moja.