Tuziokoe kanda za masheikh wetu

Kabla darsa hazijajaa kwenye simu za mkononi, elimu ya dini ilitembea kwa kanda. Mawaidha yalirekodiwa msikitini, kanda zikanakiliwa na kuuzwa nje baada ya Swala ya Ijumaa, zikasikilizwa na watu ambao hawajawahi kumuona mzungumzaji. Darsa za Sheikh Nassor Bachu wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, ziliwafikia wengi kwa njia hiyo.

Leo kanda nyingi ziko uvunguni, zinaota ukungu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa elimu yenye kunufaisha ni katika mambo matatu ambayo thawabu zake hazikatiki mtu anapofariki. Je, tukiiacha elimu ya masheikh wetu ioze ndani ya maboksi, tutakuwa tumewatendea haki?

Ndugu msomaji, kuhamishia kanda kwenye kompyuta hakuhitaji studio. Mimi hufanya nyumbani hivi:

Kwanza, nasafisha hedi ya redio kaseti kwa pamba yenye spiriti na kuiacha ikauke. Kanda yenye ukungu naiweka kando, kwani ukungu huhamia kwenye hedi na kuchafua kanda zinazofuata. Kanda nzima naipeleka mbele hadi mwisho, kisha nairudisha, ili utepe ulionatana uachane. C-120 inataka uangalifu zaidi. Utepe wake ni mwembamba, huvutika na kukatika upesi.

Pili, naunganisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi tundu la kuingizia sauti la kompyuta, na kurekodi kwa Audacity, programu ya bure. Najaribu kwanza pale sheikh anaponyanyua sauti, ikipasuka, naipunguza. Subira inahitajika: kanda ya dakika 90 hurekodiwa kwa dakika 90.

Tatu, nahifadhi kwanza faili la WAV. MP3 huwa dogo kwa kutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi. Kwa mono, dakika 90 za WAV huchukua takriban megabaiti 480. MP3 natengeneza baadaye, kwa ajili ya kugawa.

Lakini lililo kubwa kuliko mashine ni sanad. Wanazuoni wa Hadithi hawakupokea kauli bila kujua imepokelewa kwa nani. Basi kila faili liandikwe jina la sheikh, mada, msikiti, mwaka na mwenye kanda. Kisichojulikana kiandikwe hakijulikani, kisibuniwe. Mvumo unaweza kupunguzwa kwenye nakala, ila rekodi ya asili isiguswe, wala maneno yasikatwe. Kipande cha dakika mbili kinaweza kumsingizia marehemu jambo ambalo hakulikusudia, naye hawezi tena kujitetea.

Wazee wanaozitambua sauti hizo nao wanaondoka mmoja mmoja. Tuwaketishe, tuwasikilizishe na tuandike wanayotuambia, maadamu wapo.

Wabillahi tawfiiq.