SOMO: Barua ya Kazi Husomwa Mpaka Mwisho



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, mchuma chai wa miaka mingi, alikuja ofisi ya tawi na barua mkononi. Binti yake amepata shahada ya udaktari. Si udaktari wa hospitali, ni ule wa utafiti, katika elimu ya ubongo na mishipa ya fahamu. Sasa chuo kimoja kidogo cha Marekani kinamwita akafundishe. Mzee alitaka tumsaidie kujaza fomu ya mkopo wa miaka mitano ajenge nyumba, maana mtoto amepata kazi ya chuo. Tulimpongeza, kisha tukamwomba tuisome barua pamoja kwanza. Binti alikuwa nyumbani, akatufasiria. Somo la leo limetoka katika barua ile.

Kazi yenyewe ni nini?

Marekani kuna vyuo vikuu vyenye makumi ya maelfu ya wanafunzi. Kuna pia vyuo vidogo, vingi vikiwa na wanafunzi elfu mbili hivi au pungufu, ambavyo kazi yao kubwa ni kufundisha shahada ya kwanza: hesabu, historia, lugha, sayansi. Kimoja chao ni Amherst, katika jimbo la Massachusetts, ambacho kilianza kufundisha elimu ya ubongo kama somo kamili mwaka 1973. Mwaka 1991 walimu wa somo hilo katika shahada ya kwanza waliunda jumuiya yao nchini kote.

Katika vyuo hivi mwanafunzi hujifunza kwa mikono. Huchukua kamba wa mtoni au nzi wa matunda, akapima kwa waya mwembamba umeme mdogo unaopita katika neva. Lazima awepo mtu wa kumwongoza. Hapo ndipo huitwa msomi kama binti yetu: afundishe masomo machache, asimamie maabara, aendelee na utafiti wake, huku mwalimu mzoefu akimwelekeza. Muda huwa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Nafasi hiyo huitwa ya mafunzo.

Neno "mafunzo" lipimwe

Sisi tunamjua mwanagenzi wa karakana. Kama fundi anamwonyesha kazi, huo ni uanagenzi wa kweli. Kama ameachiwa mashine peke yake tangu siku ya kwanza, kwa malipo ya mwanagenzi, huyo ni fundi anayelipwa nusu. Na huku ni hivyo hivyo. Kama msomi anapewa masomo machache, muda wa utafiti na mtu wa kumwelekeza, atatoka na ujuzi utakaomsaidia kupata kazi ya kudumu. Kama anabebeshwa masomo yote ya mwalimu aliye likizo, basi yeye ni kibarua mwenye shahada.

Tulipofika ukurasa wa pili tukakuta maneno haya: mkataba ni wa miaka miwili, na chuo hakiahidi kazi baada ya hapo. Mzee alinyamaza. Mkopo wa miaka mitano, mkataba wa miaka miwili! Alirudisha fomu ile, akaomba mkopo mdogo wa mabati tu.

Maswali matano

Tulimshauri binti aandike kabla ya kutia sahihi, akiuliza:

1. Nitafundisha masomo mangapi kwa mwaka, na je, idadi hiyo itaandikwa katika mkataba?
2. Nani atanielekeza, na utafiti wangu umetengewa saa na fedha kiasi gani?
3. Mshahara ni kiasi gani, na bima ya matibabu inaanza siku gani?
4. Ruhusa yangu ya kuishi nchini ikifungwa na kazi hii, mkataba ukiisha nina siku ngapi za kuondoka?
5. Baada ya miaka miwili kuna nini?

Majibu manne yalikuja vizuri. La tano lilisema hakuna ahadi. Hilo nalo ni jibu. Ameamua kwenda, lakini anakwenda akijua.

Je, wasomi hawa wana chama?

Wengine wanacho. Watafiti wa mikataba ya muda katika Chuo Kikuu cha California, ambacho ni cha serikali ya jimbo, chama chao kilitambuliwa mwaka 2008, na mkataba wa kwanza wa pamoja ulipatikana mwaka 2010. Tarehe 14 Novemba 2022 waliingia katika mgomo pamoja na walimu wasaidizi na watafiti wengine, jumla ya wafanyakazi 48,000. Kabla mwaka huo haujaisha walikubali mkataba mpya wenye nyongeza ya mshahara.

Vyuo vidogo vingi ni vya watu binafsi, na huko sheria ni nyingine. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Yeshiva, iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba walimu wa muda wote wa chuo kile walikuwa mameneja, kwa sababu walishiriki kuamua masomo na ajira. Hivyo hawakulindwa na sheria ya vyama. Lakini mwalimu wa mkataba mfupi kwa kawaida haamui mambo hayo, kwa hiyo ni vigumu kumwita meneja. Asiye na uhakika wa kesho ndiye mwenye njia nyepesi zaidi ya kuingia chamani.

Taabu yake ni uchache. Chuoni wanaweza kuwa watatu tu, na kila mwaka mmoja anaondoka. Dawa ni ile tunayoitumia sisi kwa vibarua wa msimu: wasisimame peke yao, waungane na walimu wote wa mikataba wa idara zote.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Katika kiwanda au shamba lenu, nani anaitwa mwanagenzi lakini anafanya kazi ya fundi?
2. Mkataba wako unaisha lini? Umeusoma ukurasa wa mwisho?
3. Vibarua wa msimu wanawakilishwa na nani katika tawi lenu?

Leteni majibu kwenye mkutano ujao wa tawi. Asiyejua kusoma aje na mkataba wake, tutausoma pamoja.