Akili Nayo ni Tiba
Wanachama wenzangu, shangazi yangu anayetibiwa saratani huanza kutapika akinusa tu harufu ya hospitali, hata kabla ya dripu. Ubongo umeshajifunza kuwa harufu ile huleta kichefuchefu. Je, hauwezi kufunzwa jingine? Mwaka 2007, watafiti wa Mount Sinai, New York, walitoa matokeo ya wanawake 200 waliopasuliwa titi. Waliofanyiwa hipnosisi, yaani kutulizwa kwa maneno, kwa dakika 15 kabla ya upasuaji, walihisi maumivu, kichefuchefu na uchovu kidogo kuliko wenzao waliozungumza tu na mwanasaikolojia. Nayo miwani ya uhalisia pepe humwonyesha mgonjwa bahari au msitu, akili ikaiacha sindano. Haviui saratani, jamani. Dawa ni ile ile. Lakini aliyepunguziwa adha atarudi kumaliza dozi.