Bangi ya Dawa: Kabla Hujaagiza Chupa Kutoka Ng'ambo

Simu inatoka Columbus, Ohio. "Dada, huku kuna mafuta ya bangi, watoto wenye kifafa wanapewa. Yanauzwa dukani, wala hawakuulizi cheti. Nimpe shemeji akija Desemba?" Ukiwa na mtoto anayeanguka mara kumi kwa siku, "ndiyo" inakutoka hata hujafikiri. Kijitabu hiki tumekiandikia dakika hiyo.

Habari zenyewe si za uongo. Ila zimekatwa nusu.

Mtoto wa Colorado

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 uliiweka bangi jedwali moja na heroini. Waliosukuma mambo hadi yakabadilika ni wagonjwa wenyewe. Huko San Francisco, enzi UKIMWI ukizika vijana, wagonjwa walivuta bangi ili kichefuchefu kitulie na chakula kishuke. Mwaka 1996 wapiga kura wa California wakairuhusu kwa anayeshauriwa na daktari.

Kisha akaja Charlotte Figi, aliyezaliwa Colorado mwaka 2006. Alikuwa na ugonjwa wa Dravet, kifafa kinachoanza uchangani na kukaidi dawa. Wazazi wake walisema alifikia mishtuko 300 kwa wiki. Walimjaribishia mafuta yenye CBD nyingi na THC kidogo sana. Zote mbili ni kemikali za bangi: THC ndiyo inayolewesha, CBD hailevyi. Mishtuko ikapungua mno, na Agosti 2013 daktari Sanjay Gupta akamwonyesha kwenye televisheni ya CNN, akikiri hadharani kwamba mwanzoni yeye mwenyewe aliipinga bangi ya dawa bila kuichunguza vya kutosha. Mwaka 1969 Wamarekani 12 tu katika kila 100 walitaka bangi ihalalishwe. Mwaka 2023 walifika 70. Kwetu sisi, uso wa mtoto yule ulifanya kazi ambayo hotuba nyingi zilishindwa.

Hata hivyo, kisa cha mtoto mmoja si kipimo. Kipimo kilitolewa mwaka 2017: watoto na vijana 120 wenye Dravet waligawanywa, kundi moja likapewa CBD, jingine maji ya kufanana nayo yasiyo na dawa. Kwa waliopata CBD, kiwango cha kati cha mishtuko mikubwa kwa mwezi kilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9. Wenzao walitoka 14.9, wakabaki 14.1. Walioachwa kabisa na mishtuko hiyo walikuwa 5 tu katika kila 100. Wengine walilemewa na usingizi, wakaharisha, wakatapika. Basi tuseme wazi: ni nafuu, nafuu kubwa, lakini si tiba ya kumaliza ugonjwa. Juni 2018 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa jina la Epidiolex.

Sifuri nukta tatu

Itazame Epidiolex kwa karibu. Ni dawa ya maji yenye ladha ya stroberi, na kila mililita moja ina miligramu 100 za CBD. Kwa kawaida daktari huanza na miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mtoto, asubuhi na jioni. Mtoto wa kilo 12 atapewa miligramu 30, yaani mililita 0.3, zinazovutwa kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Kijiko cha chai hubeba mililita 5, zaidi ya mara 16 ya hapo! Na kabla ya dozi ya kwanza damu hupimwa kuangalia ini, hasa kama mtoto anatumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa.

Chupa ya dukani haina mpangilio huo. Watafiti walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni nchini Marekani. Chini ya theluthi zilikuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, na 18 zilikutwa na THC. Mzazi anadhani anampa dawa, kumbe anamlevya mwanawe.

Uwanja wa ndege

Tarehe 2 Desemba 2020, mjini Vienna, Tume ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi kwenye jedwali lenye masharti makali kuliko yote katika mkataba ule wa 1961, kwa kura 27 dhidi ya 25. Kenya ilipiga kura ya kukataa. Bangi ilibaki chini ya udhibiti wa kimataifa. Rwanda mwaka huohuo iliridhia kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje. Kijana anayevuta mtaani Nyamirambo, jijini Kigali, hakuhalalishiwa chochote.

Tanzania ina sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, Kenya ya mwaka 1994, na kote kukutwa na bangi bila kibali ni kosa la jinai. Shemeji akifunguliwa begi, kusema "ni ya mtoto" hakutamwokoa. Akipitia Dubai, sheria za kule nazo ni kali.

Kama umeshampa

Mwambie daktari. Tunajua aibu ya kutamka neno "bangi" mbele ya muuguzi, tena ukiwa umembeba mtoto, lakini daktari asiyejua anaweza kuongeza dozi ya dawa inayogongana na mafuta hayo. Chupa nenda nayo. Dawa za kifafa usizikatishe ghafla, hata kama mafuta yanaonekana kusaidia, maana mishtuko inaweza kurudi mfululizo bila kukoma.

Andika kwenye daftari kila anapoanguka: saa, muda, upande uliotangulia kutikisika. Ukiweza, mrekodi kwa simu. Daktari bingwa akiiona video hiyo ataanza kazi na jambo aliloliona kwa macho yake.