Viazi kwenye chungu cha umeme: somo la jikoni kwa mwenye zamu ndefu

Tukipiga hesabu za pesa zinazopotea kabla hazijafika nyumbani, wengi hutaja ada za kutuma na kiwango cha kubadilisha fedha. Ni kweli, hizo zinauma. Lakini kwa ndugu zetu wa Nechells, hasa wale wa kazi za ujenzi upande wa Curzon Street kinapojengwa kituo cha reli ya HS2, na dada zetu wanaofanya kazi za majumbani na kurudi usiku kwa basi, uvujaji mkubwa uko sehemu nyingine kabisa. Uko dukani kwa chipsi na kuku, pale unapopita umechoka, njaa imekushika, na nyumbani hakuna kilichopikwa.

Hebu tuchukue mfano. Sahani ya dukani ni pauni 8. Ukinunua siku tano za kazi ni pauni 40. Sahani ya nyumbani ya viazi na paja la kuku tuseme inakugharimu pauni 2. Tofauti ni pauni 30 kwa wiki, pauni 120 kwa wiki nne. Kwa kiwango cha shilingi 170 za Kenya kwa pauni moja, hiyo ni zaidi ya shilingi 20,000. Kuna mtoto anasomeshwa kwa pesa hiyo. Weka bei zako mwenyewe, hesabu itabadilika kidogo, ila haitageuka.

Kwa hiyo somo la leo ni la viazi. Viazi ulaya, viazi mviringo, mbatata, waru, kila mtu na jina la kwao. Na chombo chenyewe ni kile chungu cha umeme cha kupika polepole, ambacho hapa Uingereza ukiingia dukani utakiulizia kwa jina la slow cooker.

Chungu hiki ni kitu gani

Ni chungu kizito cha udongo uliochomwa, kimekaa ndani ya ganda lenye waya za joto kuzunguka ubavuni, na kifuniko cha kioo juu. Hakichemshi kwa fujo. Kinapanda taratibu mpaka karibu na kiwango cha kuchemka, kisha kinabaki hapo kwa saa nyingi. Aliyekibuni ni Mmarekani, Irving Naxon, aliyepata hataza yake mwaka 1940. Wazo alilipata kwenye hadithi za familia yake kutoka Lithuania: Wayahudi wa kule walikuwa wakipeleka vyungu vya maharage, viazi na nyama kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa kabla Sabato haijaingia, chakula kikaiva usiku kucha kwa joto lililobaki, kikaliwa kesho yake bila mtu kuwasha moto. Baadaye, mwaka 1971, kampuni ya Rival ilianza kukiuza kwa jina la Crock-Pot, na akina mama waliotoka kwenda kazini wakakipokea kwa mikono miwili. Sisi wenyewe wazo si geni. Nani hajaona maharage yakiachwa juu ya makaa yaliyofukiwa majivu mpaka asubuhi?

Kipya cha lita 3.5, kinachotosha watu watatu wanne, utakipata kwa pauni 20 hadi 30 hivi. Kilichotumika ni rahisi zaidi, ila angalia waya na plagi, na uulize kama kimepimwa usalama wa umeme. Kama unaweza kuongeza pauni chache, nunua chenye saa inayojizima au kujihamishia kwenye joto la kutunza chakula. Kwa mtu wa zamu ya saa kumi na moja au kumi na mbili, hiyo si anasa.

Je, kinaokoa umeme?

Hapa tuseme ukweli, maana kuna matangazo mengi ya uongo. Tukichukulia uniti moja ni peni 26 (soma bei yako kwenye mita au bili, hasa kama unalipia kabla kwa kadi au ufunguo), chungu cha wati 200 kikiwaka saa nne kinakula uniti 0.8, yaani peni 21. Oveni ya umeme kuchoma viazi vilevile kwa saa moja na robo inaweza kula uniti moja na nusu, karibu peni 39. Sawa, hapo chungu kinashinda. Lakini jiko la kawaida la umeme, kuchemsha viazi dakika 20 hadi 25, linakula nusu uniti tu, peni 13. Jiko la gesi ni chini ya hapo. Na kiazi kimoja kwenye maikrowevu, dakika kumi, ni kama peni 5.

Basi asikudanganye mtu. Kama uko nyumbani na unataka viazi vya kuchemsha tu, chemsha kwenye sufuria. Unachonunua kwa chungu hiki ni kukuta chakula kimeiva unapofungua mlango, na kutopita dukani kwa chipsi. Pauni zetu 120 zinatoka hapo. Za umeme ni za chai.

Faida ya pili ni kwa wanaoishi nyumba za kushirikiana vyumba. Jikoni kuna majiko manne na watu saba, saa moja usiku kila mtu anataka kupika. Wewe chungu chako kiko kwenye kona ya jikoni tangu mchana, huna foleni.

Kuchagua kiazi

Uingereza viazi vina majina na majina yana maana. Maris Piper na King Edward ni vya unga: vikiiva vinalainika na kupasuka, vizuri kwa kuponda. Charlotte na vile vidogo vinavyoitwa viazi vipya ni vigumu kidogo, vinashika umbo hata vikipikwa saa nyingi. Aliyezoea Shangi za Kenya ataona Maris Piper inakaribiana nayo. Kwa chungu cha polepole sisi tunapendelea vigumu kwa vya rojo, na vya unga kwa vya kuponda. Ukichanganya, nusu vitakuwa uji na nusu vitakuwa mawe.

Kutoka Nechells mpaka soko la wazi la Bull Ring, chini ya kanisa la St Martin, ni mwendo wa miguu au basi fupi. Kule vitu vinapangwa kwa mabakuli, bei kwa bakuli. Vizuri sana, lakini usinunue zaidi ya utakavyokula. Kiazi kikikaa kwenye mwanga kinageuka kijani, na penye kijani pana sumu ya kiasili ambayo haiondoki kwa kupika. Kidogo, kata sehemu hiyo yote. Kingi, tupa. Weka viazi gizani, mahali pakavu.

Viazi vyenyewe

Chukua kilo moja ya viazi. Menya au osha tu vizuri, maganda hayana kosa. Kata vipande vya ukubwa unaolingana, upana wa vidole viwili. Paka ndani ya chungu mafuta au siagi kidogo. Weka viazi, kijiko kidogo cha chumvi, punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa, pilipili manga, na siagi kama gramu 40 au vijiko vitatu vya mafuta. Geuza mpaka kila kipande kipate mafuta, maana kisichoguswa na mafuta wala maji kinaweza kugeuka cheusi. Mimina maji ya moto robo lita. Funika. Kipimo cha juu saa tatu na nusu hadi nne, kipimo cha chini saa saba hadi nane.

Basi. Ndiyo yote.

Lakini tumesikia malalamiko mengi ya aina moja: “Nyama imeiva, viazi vibichi!” Watu wanashangaa, kwa sababu kwenye sufuria viazi ndivyo vinavyotangulia. Sababu ni hii. Nyama huanza kulainika taratibu kwenye joto la chini kidogo, ila kiazi kinahitaji kukaribia kuchemka ndipo kilegee. Kwenye chungu hiki joto hilo linafika kwa kuchelewa, na linafika kwanza chini na ubavuni, kwenye waya. Kwa hiyo ukipika na nyama, viazi vinakaa chini, nyama juu. Watu wengi hufanya kinyume kwa mazoea.

Sababu ya pili ni nyanya. Uchachu wa nyanya, ndimu au ukwaju unakaza ile gundi inayoshika kiazi ndani, kikakaa kigumu hata saa sita. Mpenda rojo la nyanya aikaange nyanya yake pembeni na kuimimina viazi vikishalegea, au saa moja ya mwisho. Ndimu na ukwaju ni mwisho kabisa.

Na kifuniko, jamani. Kila ukifunua kuchungulia, mvuke unatoroka na chungu kinachukua dakika 20 hadi 30 kurudi kilipokuwa. Mwenye chumba mwenza mdadisi amwambie mapema.

Kwa watu wa Pwani, viazi vya nazi vinatoka vizuri humu. Pika kama tulivyosema, ila badala ya kitunguu saumu peke yake weka kitunguu maji kilichokaangwa, bizari ya manjano nusu kijiko, uzile, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Tui la kopo usilitie mwanzoni, litakatika. Litie nusu saa ya mwisho, geuza, funika tena. Ndimu mezani. Kwa wa bara, ponda viazi vya unga vikiwa motomoto, changanya mahindi ya kopo, njegere za friza zilizochemshwa na spinachi iliyokatwa. Si mukimo wa shosho, hakuna majani ya maboga, lakini unashibisha.

Neno kwa dada zetu wanaopikia waajiri. Kwetu wali au ugali ndio chakula na nyama ni kitoweo. Hapa ni kinyume: nyama ndiyo bwana harusi, viazi vinasindikiza pembeni. Hivyo mwajiri akikuambia uandae viazi vya kusindikiza chakula cha Jumapili, muulize kwanza: vya kuponda, vya siagi, au vya kuchoma? Chungu hiki hakikaushi wala hakitoi rangi ya dhahabu. Akitaka vya kuchoma vinavyolia mdomoni, vilegeze kwenye chungu, vichuje, kisha vimalizie kwenye oveni yenye moto mkali na mafuta yaliyokwisha kupata moto, mpaka vipate rangi. Ni vizuri kumwambia mapema kuliko kuelezana mezani mbele ya wageni.

Mambo ya hatari

Maharage mekundu makavu usiyatie moja kwa moja kwenye chungu hiki pamoja na viazi, hata kama nyumbani ulizoea kupika pamoja. Yana sumu inayoharibiwa na kuchemka kwa nguvu tu. Joto la polepole haliiui. Loweka saa 12, mwaga maji, chemsha kwenye sufuria kwa fujo dakika 10 kamili, ndipo uyahamishe. Ya kopo yameshapikwa, hayana shida. Ukiharibu hapa ni kutapika na kuendesha, na siku ya kazi isiyolipwa.

Kiazi kizima kilichofungwa kwenye karatasi ya bati pia kina hadithi. Mwaka 1994 mjini El Paso, Texas, watu 30 waliugua ugonjwa wa sumu ya botulizimu baada ya kula kwenye mgahawa uliotumia viazi vilivyookwa ndani ya bati na kuachwa nje ya friji. Bati linazuia hewa, na vijidudu hivyo vinapenda pasipo hewa. Ukipikia kwenye bati, lifungue mara tu kinapoiva.

Chungu kikae juu ya meza ngumu, mbali na pazia, kisikae kitandani wala kwenye zulia, na plagi iingie ukutani moja kwa moja. Soma mkataba wa chumba chako: wenye nyumba wengi hawaruhusu kupikia chumbani, na amana iliyokatwa ni hasara kuliko chipsi za mwezi mzima. Usiweke vitu vilivyoganda, na usitege saa iwake baadaye huku nyama mbichi imekaa humo tangu alfajiri.

Ile pauni 30 ya wiki itoe siku ya mshahara, iende akaunti nyingine kabla hujaizoea. Usiitume kila wiki. Kama ada ni pauni 2 kila unapotuma, mara nne ni pauni 8, mara moja ni 2.

Viazi vilivyobaki vitoe kwenye chungu, vitandaze kwenye bakuli pana vipoe, viingie friji ndani ya saa moja au mbili, vimalizwe siku mbili. Kupasha moto tumia maikrowevu au sufuria mpaka vitoe moshi katikati, maana chungu hiki kinapasha polepole mno. Na kama umeweka friji chungu chenyewe, usikimiminie maji ya birika kikiwa baridi. Kitapasuka.