Kwenda Kilwa Kisiwani Mwezi wa Juni

Maji yatokayo katika bwawa letu la Mtera huteremka kwa mto Ruaha Mkuu hata Rufiji, nayo huingia baharini kuelekea kisiwa cha Mafia. Kusini ya hapo iko Kilwa Kisiwani. Atakaye kuizuru na aende mwezi wa Juni: masika yamekwisha, kusi yavuma, wala jua si kali.

Wako wasemao ya kuwa miji ya mawe ya pwani ni kazi ya wageni tu. Neno hili huwafunza watoto wetu kujidharau, basi yafaa tulipime. Ni kweli, ukoo wa masultani ulidai asili ya ng'ambo. Lakini Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliandika kwamba wengi wa wenyeji walikuwa watu weusi sana, wenye chanjo usoni. Sultani wa siku zile, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye asemwaye kuijenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. (Mimi nilikawia hapo kuliko penginepo.) Mawe yake ni matumbawe, na chokaa ilipatikana kwa kuyachoma hayo hayo. Mali ilitokana na dhahabu ya Sofala.

Wareno waliuteka mji mwaka 1505. Hata hivyo Msikiti Mkuu wasimama, ingawa bahari hula ukingo wa kisiwa.

Kibali hupatikana kwanza Kilwa Masoko, kisha ni safari fupi ya mashua. Wenyeji wangali wakikaa kisiwani, wakivua na kulima. Waulizeni hao habari za mji wao.