Vitamini D na Uzazi wa Mwanamke: Je, Kidonge Kinatosha?

Mji mdogo wa Maramba, chini ya milima ya Usambara Mashariki wilayani Mkinga, uko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Mara mbili kila mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini. Ni ajabu basi kwamba hata katika nchi ya jua namna hii mwanamke aliyechelewa kupata mtoto huweza kuambiwa kuwa amepungukiwa na vitamini D, ambayo mwili huitengeneza kwa msaada wa jua, na kushauriwa anunue vidonge. Makala haya yanakusudia kueleza uhusiano uliopo kati ya vitamini hiyo na uzazi, hasa kwa wanawake wenye tatizo la ovari zenye vifuko vingi, na kupima faida ya vidonge hivyo.

Tatizo la ovari zenye vifuko vingi

Yai la mwanamke hukua katika ovari, ndani ya kifuko kidogo chenye majimaji. Kwa kawaida, katika kila mzunguko wa hedhi, kifuko kimoja hupevuka, hupasuka na kuliachia yai. Kwa mwanamke mwenye tatizo hili vifuko vingi huanza kukua, lakini mara nyingi hakuna kinachopevuka. Vifuko hivyo si uvimbe wala saratani; ni mayai yaliyokwama njiani. Madaktari Stein na Leventhal wa Chicago waliieleza hali hii mwaka 1935, na leo inakadiriwa kumpata takriban mwanamke 1 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa.

Wengi wa wanawake hao wana miili isiyoitikia vizuri insulini, yaani homoni inayoongoza matumizi ya sukari mwilini. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, nayo insulini hiyo huzichochea ovari kutengeneza androjeni, homoni ambazo kwa kawaida ni nyingi kwa wanaume. Ndipo hedhi hukawia au hupotea kwa miezi, chunusi huzidi, na nywele huota kidevuni. Kwa kawaida daktari huthibitisha tatizo akiona dalili 2 kati ya 3: yai kutopevuka ipasavyo, androjeni kuzidi, na vifuko vingi kuonekana kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Kabla ya hapo hana budi kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa mwingine wenye dalili kama hizo.

Vitamini D hutoka wapi?

Mionzi ya jua aina ya urujuanimno ikiipiga ngozi hubadili kemikali iliyomo humo kuwa vitamini D. Ini na figo huikamilisha ifanye kazi, na kazi yake inayojulikana zaidi ni kuusaidia mwili kufyonza kalisi ya kujengea mifupa. Mtoto anayeikosa hupata matege. Vyakula vichache huwa nayo: samaki wenye mafuta, kiini cha yai na maini.

Rangi nyeusi ya ngozi huzuia sehemu ya mionzi hiyo, kwa hiyo mtu mweusi huhitaji muda mrefu zaidi juani. Hata hivyo, anayeshinda nje huipata ya kutosha. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 miongoni mwa Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania ulionyesha wastani wa nanomoli 115 katika lita moja ya majimaji ya damu, ilhali 50 huhesabiwa na wataalamu wengi kuwa zinatosha kwa mifupa. Mkulima anayepalilia mihogo mchana hayuko sawa na mwenzake anayekaa ofisini, au asiyetoka nje ila amefunikwa mwili mzima.

Majaribio yameonyesha nini?

Watafiti wamegundua kwamba chembe za ovari zina vipokezi vya vitamini D. Aidha, uchambuzi uliotolewa Marekani mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanawake wenye tatizo hili waliopungukiwa na vitamini hiyo walipata watoto kwa nadra zaidi kuliko wenzao. Hapo ndipo matumaini yalipozaliwa.

Lakini mambo mawili kuonekana pamoja si ushahidi kwamba moja limelizaa jingine. Unene, kwa mfano, hupunguza vitamini D katika damu na pia huvuruga upevukaji wa yai. Njia ya kupata hakika ni kuwagawa watu kwa kura, kundi moja lipewe vitamini na jingine kidonge kisicho na dawa. Majaribio ya aina hiyo kwa wanawake wenye tatizo hili mengi yamekuwa madogo, na matokeo yake hayakubaliani. Italia, katika jaribio la wanawake 630 waliopungukiwa na vitamini D na kutungishwa mimba kwa njia ya maabara, matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa mimba zilikuwa 37 katika kila 100 waliopewa vitamini, na 40 kwa wasiopewa. Wanawake hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya ovari zenye vifuko vingi, lakini funzo lina uzito.

Hapa nchini pia kuna funzo kama hilo, ingawa si la uzazi. Jijini Dar es Salaam, watu wazima 4,000 wenye virusi vya UKIMWI na upungufu wa vitamini D waligawanywa kwa kura. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba vitamini haikupunguza vifo. Upungufu ulikuwapo, jua likiwapo. Lakini kuuziba hakukuleta uponyaji uliotarajiwa.

Lipi lifanyike?

Tiba ya kupevusha yai ipo. Mwaka 2014 jaribio la Marekani kwa wanawake 750 wenye tatizo hili lilionyesha kwamba kati ya waliopewa letrozoli, 27.5 katika kila 100 walijifungua watoto hai, na waliopewa klomifeni ni 19.1. Dawa hizi hutolewa kwa usimamizi wa daktari. Kwa mwanamke mnene, hata kupunguza uzito kidogo huweza kurudisha hedhi.

Mambo ya kuzingatia ni haya:

1. Wenzi waliojaribu kwa miezi 12 bila mimba waende kituo cha afya wote wawili. Kwa mwanamke aliyefikisha miaka 35, miezi 6 inatosha. Mbegu za mume zipimwe mapema. Kumlaumu mke peke yake ni kupoteza wakati.

2. Hedhi inayokawia mara kwa mara haifai kupuuzwa. Kwa mkazi wa Maramba, daktari anaweza kumpeleka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, mjini Tanga.

3. Anayepungukiwa na vitamini D atibiwe kwa faida ya mifupa yake, wala asiahidiwe mtoto kwa kidonge hicho.

4. Mtu mzima asizidishe uniti 4,000 kwa siku bila ya daktari, kwani vitamini ikizidi sana hujaza kalisi katika damu na kudhuru figo.

Fedha ya kununulia chupa baada ya chupa ya vitamini huweza kutosha nauli ya kwenda Bombo. Na katika uzazi, miaka inayopotea kwa kungojea hainunuliki.